Kosa la Bibi

Mwezi uliopita daktari kijana wa hospitali moja pale Moshi aliinua picha ya eksirei ya shingo yangu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, akanigeukia. "Bibi, pole. Hebu niambie, umefanya kazi gani maishani?"

Nikamwambia avute kiti kwanza. Alicheka akidhani namtania, lakini nilikuwa na maana yangu. Nimefundisha watoto kusoma, nimechambua kahawa kiwandani, nimelima nyanya Kahe, nimepika uji wa wagonjwa katika zahanati ya mashamba ya miwa, na nimeshona sare za shule mpaka cherehani ikachoka kabla yangu. Daktari alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza katika kazi hizo ni ipi iliyonibebesha mizigo kichwani.

"Hakuna," nikamjibu. "Mizigo ya kichwani nilibeba kabla ya kazi zote hizo."

Dirisha lilikuwa wazi, na huko nje mtu wa bustani alikuwa anafyeka. Harufu ya majani mabichi ikaingia mle chumbani, ikanikuta nimekaa na shingo yangu mbovu, na ghafla nikawa binti wa darasa la nne tena. Ninyi wa rika langu mliokulia migombani, hasa ninyi wanawake, sina haja ya kuwaeleza. Vijana wa leo wanaoletewa majani ya ng'ombe kwa bodaboda, wao ndio wa kuelezwa.

Kwetu Rombo ng'ombe hatembei. Anakaa bandani mwaka mzima, na chakula kinamfuata alipo. Sasa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chote kimejaa migomba na kahawa, hakuna pa kuota nyasi, kwa hiyo majani yako kule chini tambarare. Alfajiri wanawake na wasichana wanashuka na mundu, wanakata, wanafunga mzigo kwa kamba za mgomba, wanaweka ngata kichwani na kuanza kupanda mlima. Kushuka ni kuimba na kusengenya. Kupanda hakuna anayeongea. Jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta kwa sababu mikono yote miwili imeshika mzigo, na umande wa majani unakutiririkia mgongoni mpaka gauni linaganda. Ukifika nyumbani ng'ombe anakutazama kama mama mkwe, kwamba umechelewa.

Mwaka ninaousimulia, kazi hiyo ilikuwa yangu peke yangu. Kaka yangu Aloisi alikuwa mvulana, na mvulana hakubeba majani kichwani hata kama ng'ombe wangekufa wote. Wadogo zangu walikuwa bado wadogo. Mama alikuwa mzazi, maana ndiyo kwanza amejifungua kitindamimba wetu, na kwetu mzazi hashiki jembe wala mundu. Anakaa ndani miezi mitatu akilishwa mtori na maziwa mpaka mashavu yang'ae, na mume ambaye mke wake ametoka uzazini amekonda husemwa sokoni. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa anamlea. Nyumba yake ilikuwa palepale kihambani, ng'ambo ya kahawa kidogo, na siku nzima ungemwona anakwenda na kurudi na chungu chake.

Basi nikafaulu mtihani wa darasa la nne. Wasichana wengi wa wakati wetu waliishia hapo, na wala hakuna aliyeona ajabu. Lakini masista walikuwa na shule ya kati kule juu, mwendo wa kupanda, na walichukua wasichana wachache waliofaulu. Mwalimu alinitaja mbele ya shule nzima. Nilirudi nyumbani nikikimbia, sikuhisi hata mawe. Nilitaka ile shule kama mtoto anavyotaka kitu, bila kujizuia. Nilikuwa nimeshaliona gauni lao la bluu na kola nyeupe kanisani, na nilikuwa nimeshajichagulia benchi la kukaa katika darasa ambalo sijawahi kuingia.

Jioni ile Baba alikuwa kilabuni na wenzake wakinywa mbege, nami nilitumwa kumpelekea koti kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza kushuka. Nilifika mlangoni wakati jirani mmoja anampongeza.

"Baba Aloisi, hongera. Nasikia binti amefaulu. Utampeleka kwa masista?"

Baba alishika kibuyu, akanywa taratibu, akajifuta povu. "Kwani majani ya ng'ombe wangu atakata sista?"

Wanaume wakacheka sana. Kicheko kile, nadhani, ndicho kilichomponza. Mtu akishachekesha watu mara moja hutaka kuendelea. Akasema binti yake anajua kusoma Katekisimu na inatosha. Akasema yeye mwenyewe alitolewa shule darasa la pili na hakufa. Mwisho akapiga goti lake kwa kiganja: "Nimesema mbele yenu, hatakwenda. Mate yakishatemwa hayarudi mdomoni." Wakampigia makofi. Mimi nikaweka koti kwenye benchi, nikatoka bila kuaga.

Msidhani Baba alikuwa mtu mkali. Alikuwa mpole, msema kweli, fundi wa kupogoa kahawa. Lakini alikuwa na ugonjwa wa wanaume wengi wa mlimani, kwamba neno alilolisema mbele ya wenzake analibeba hata likimuumiza mgongo. Mama alimsihi kutoka katika chumba chake cha uzazi, akajibiwa kwamba mzazi asijichoshe. Mwalimu alikuja, akakaribishwa ndizi na maziwa, akaondoka ameshiba na jibu lilelile. Mimi nilianza novena kwa Mtakatifu Antoni. Najua kazi yake ni kutafuta vitu vilivyopotea, lakini niliona shule yangu nayo imepotea, basi inamhusu.

Siku moja asubuhi, ikiwa imebaki kama juma moja shule ifunguliwe, nilikuwa nyuma ya banda nasokota ngata kwa majani makavu ya mgomba. Baba alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, ananoa panga. Nikamwona Bibi anakuja kutoka upande wa mpakani. Alikuwa amevaa kanga zake za Jumapili na siku ile haikuwa Jumapili. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo.

Isale ni mmea tu, majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani na makaburini. Lakini jani lake likifungwa fundo si jani tena. Ukimkosea mtu kosa zito, mkafika mahali hata salamu hamna, unampelekea jani hilo. Akiliona, kesi imekwisha. Hana ruhusa ya kukataa, na anayekataa isale hata mbege yake hakuna atakayekwenda kuinywa. Mimi nilikuwa nimewahi kuona isale mara moja tu, ndugu wawili waliokatana mapanga kwa sababu ya mfereji wa maji walipopatanishwa.

Bibi alifika mbele ya Baba, akapiga magoti.

Mama kumpigia magoti mwanawe! Ngata ilinidondoka. Baba naye aliruka kutoka kwenye kigoda, panga likaanguka.

"Mama, inuka! Unataka kuniletea laana?"

"Sitainuka. Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe."

"Mama, tafadhali. Watu wanapita njiani."

"Wapite. Pokea."

Baba alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Kuku walikuwa wanaparura pembeni, na kule ndani kichanga kilikuwa kinalia. "Unajua unachokifanya?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimezeeka, sijarukwa na akili. Pokea, magoti yananiuma."

Akalipokea kwa mikono miwili. Bibi akashikilia kigoda, akainuka, akajipangusa vumbi. "Haya," akasema, "nimechelewa kumpa mzazi uji wake." Akaingia ndani kana kwamba alikuwa amekuja kuazima chumvi.

Mimi nilibaki nyuma ya banda. Bibi alikuwa amefanya nini? Nilipiga hesabu za kitoto. Nyumbani kwetu balaa la karibuni lilikuwa moja tu, ndama wetu aliyekufa majuma machache nyuma, tumbo limemvimba. Na nani alikuwa akimlisha? Bibi. Jibu likapatikana palepale. Bibi yangu, mwanamke wa rozari na Misa ya kwanza, alikuwa ameua ndama wa Baba.

Jioni ile Baba aliniita. Hakunitazama usoni. Alikuwa ameshika taa ya chemli anasafisha kioo chake ambacho tayari kilikuwa safi. "Shule ikifunguliwa utakwenda kwa masista."

Nilichoweza kusema ni, "Na majani?"

"Majani hayakuhusu."

Nilikwenda kupiga magoti kitandani nikamshukuru Mtakatifu Antoni kwa moyo wangu wote, yeye ambaye hakuhusika kabisa.

Kwa hiyo nikaenda. Gauni la bluu lilikuwa refu mpaka vifundoni, maana Mama alisema nitakua, na kola ilinikwaruza shingo. Nilipenda kila kitu pale. Nilipenda chaki, nilipenda ramani ukutani, nilimpenda hata sista wa hesabu aliyetupiga vidole kwa rula. Harufu ya darasa jipya lililopakwa chokaa ilikuwa kwangu kama ubani. Na jioni ya siku ya kwanza, nikiteremka na wenzangu, tulipofika karibu na kilabu niliona mzigo wa majani unapanda kutoka upande wa chini, unayumba vibaya, majani yanamwagika njia nzima. Chini ya mzigo ule alikuwa Baba.

Nawaambieni, wakati ule mwanamume aliyebeba majani kichwani mchana kweupe, afadhali angepita amevaa kanga. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni walisimama. Wanaume wa kilabuni wakatoka mlangoni na vibuyu vyao. Yule jirani wa siku ile ndiye aliyeanza.

"Baba Aloisi! Umeolewa lini, mbona hatukualikwa?"

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba hakuweza kugeuza shingo kwa sababu ya mzigo, akasimama palepale akitazama mbele, akasema bila hasira, "Mama yangu ameniletea isale."

Kicheko kilikatika. Kweli, kilikatika mara moja. Yule jirani akavua kofia. Mwingine, mzee wa pale, akaja akamsawazishia Baba mzigo kichwani, akampiga begani, akarudi. Hakuna aliyeuliza neno. Tangu siku ile Baba alipita pale na majani yake na kusalimiwa kwa heshima kama katekista. Mama alipotoka uzazini wakawa wanapokezana, na wanaume wawili watatu wa pale kwetu nao wakaanza kushuka na mundu alfajiri, wakijifanya wanamsindikiza Baba.

Wao walikuwa wameelewa. Mimi nilielewa vingine. Nilijiambia kwamba kama kutajwa tu kwa isale ya Bibi kunawanyamazisha walevi wazima, basi alichokifanya Bibi ni kikubwa kuliko ndama. Nikaanza kumchunguza. Alikuwa akinipikia kiburu nikitoka shule, ndizi na maharage na magadi, chakula ninachokipenda mpaka leo, nami nilikula nikimtazama mikono. Nilihakikisha anaonja kwanza. Alipokwenda kwenye banda nilimfuata. Sikumchukia hata kidogo. Kusema kweli nilimpenda zaidi, kwa jinsi mtoto anavyopenda mtu mwenye siri, na usiku katika sala niliombea ondoleo la dhambi zake, moja baada ya nyingine, nikizibuni mwenyewe.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Tulikuwa tunamenya ndizi.

"Bibi, Baba ulimkosea nini?"

Aliendelea kumenya. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. "Nilimzaa mbishi," akasema. "Hilo halitoshi?"

Nikajua hataniambia.

Miaka ikapita kama inavyopita. Nilimaliza kwa masista, nikasomea ualimu, nikapangiwa shule ya watoto wa wafanyakazi kule kwenye mashamba ya miwa. Joto la kule nusura liniue mimi mtoto wa migombani. Wazazi walitoka kila pembe ya nchi, na darasani ulisikia Kiswahili cha kila namna, nikajifunza kucheka vichekesho vya makabila ambayo sikujua yako wapi. Nilipoolewa tulihamia Kahe, nikajifunza kilimo cha mfereji kutoka kwa mama mkwe aliyekuwa hanipendi mwanzoni na baadaye hakutaka nitoke machoni pake. Maji yalipokuwa mabaya nikapanda Moshi kuchambua kahawa, nikiwa nimekaa kwenye mstari mrefu wa wanawake, mikono inafanya kazi na midomo haipumziki. Zahanati ikaja, cherehani ikaja. Watu huniuliza kama sikuchoka kubadilisha. Sikuchoka. Kila kazi niliingia nikiwa na hamu ileile ya kola ya kukwaruza, na kila pahali nilikuta wa kunifundisha. Nimekula chumvi nyingi, na niseme ukweli, nimeifurahia.

Bibi alifariki wakati bado nachambua kahawa kule Moshi. Alikufa vizuri, kama tunavyosema, amelala, rozari mkononi, ameshaungama. Tulimzika kihambani. Kesho yake, waombolezaji wakiwa uani wanakula, nilimkuta Baba amekaa peke yake jikoni kwa Bibi, mbele ya mafiga. Kichwa chake kilikuwa kimeshakuwa cheupe. Nikakaa kwenye kigoda kingine. Tulilia kidogo, na ndipo nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu utotoni.

"Baba, Bibi alikukosea nini ile siku ya isale?"

Akanitazama. "Uliona?"

"Nilikuwa nyuma ya banda."

"Na wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani alimuua ndama."

Baba alicheka. Alicheka msibani, machozi hayajakauka, akacheka mpaka shangazi mmoja akachungulia mlangoni kuona kama tumechanganyikiwa. Alipotulia alichukua kijiti akaanza kuchokoa majivu.

"Hakulitaja, lakini nilijua aliniomba msamaha kwa kunitoa shule," akasema. "Darasa la pili. Nilitolewa nichunge mbuzi na kulinda mtama kule tambarare. Nililia mwezi mzima."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nikasema kumbe Bibi alikuwa ameona kosa lake linarudiwa kwangu, ndiyo maana akaja.

Baba akatikisa kichwa. "Hakuwa na kosa. Aliyenitoa shule ni baba yangu. Mama alimpinga mpaka akafunga mizigo akarudi kwao. Wazee ndio waliokwenda kumbembeleza arudi. Mama yangu alipigania shule yangu kuliko mimi mwenyewe."

Huko nje walikuwa wanaimba wimbo wa marehemu. Kumbe Bibi alikuwa amepiga magoti mavumbini, mbele ya mtoto wake na watu wapitao njiani, kwa kosa la marehemu mume wake. Halafu akaenda kumkorogea mkwe wake uji. Nilitamani kumwambia jinsi ninavyompenda, naye yuko chini ya udongo mbichi.

"Na wewe ulijua?" nikauliza. "Alipopiga magoti ulijua kwamba hana kosa?"

"Nilijua nilipomwona anatoka mpakani na lile jani."

"Sasa Baba, mbona ulipokea? Ungemwambia, Mama, huna kosa, rudi na jani lako."

"Ukishapokea isale kwa kosa fulani, huwezi tena kulitenda wewe. Ningemwambia hivyo, mimi ningebaki na kauli yangu na wewe ungebaki na mundu." Akakitupa kile kijiti kwenye majivu. "Nililala siku ngapi najuta, nisijue pa kurudia nyuma mbele ya wale wanaume. Tangu jioni ile ya kilabuni nilikuwa natafuta mtu wa kunishinda, mwanangu. Akaja mama yangu."